Mtoto Akitaka Kuchunguza Damu Kuganda na Ugonjwa wa Kusahau

 

Tuseme binti yako yuko sekondari na anajiandaa kwa maonyesho ya sayansi, au yuko mwaka wa mwisho chuoni na ametakiwa kuandaa mradi wa utafiti. Anarudi nyumbani, anamtazama nyanya yake ambaye siku hizi huuliza jambo moja mara tano, kisha anakuambia: "Mama, nimesoma kwamba ugonjwa wa Alzheimer unahusiana na damu kuganda. Nataka nichunguze hilo." Je, utamjibu nini?

Usimkataze. Swali lake ni zuri, na kuna wanasayansi wakubwa ambao limewashughulisha kwa miaka mingi. Lakini usimwache aendelee peke yake, kwa maana katika mradi huu kuna damu, kuna dawa, na kuna mzee ambaye pengine hawezi kujisemea.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Ukijikata kisu ukikatakata sukuma wiki, mshipa wa damu hujibana, na chembe ndogo za kugandisha damu hujibandika pale penye jeraha. Kisha protini iitwayo fibrinojeni, ambayo hutengenezwa na ini na kuzunguka ndani ya damu ikiwa imeyeyuka, hugeuzwa kuwa nyuzi ziitwazo fibrini. Nyuzi hizo hujifuma kama wavu wa mvuvi, zikanasa chembe za damu, na damu ikaganda. Jeraha likianza kupona, mwili una kimeng'enya kingine cha kuuyeyusha wavu huo. Taabu huanza donge likijitengeneza ndani ya mshipa ambao haukukatwa, au likikataa kuyeyuka. Likiziba mshipa wa ubongo, huo ndio kiharusi.

Na Alzheimer je? Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka wa 1901, mjini Frankfurt, alianza kumwangalia mama mmoja wa miaka 51 aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akakuta madoa ya uchafu katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba madoa yale ni protini iitwayo amiloidi beta. Kwa hivyo mama, jirani akikuambia kwamba nyanya amerogwa, au kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya uzee, una la kumjibu.

Sasa tufike pale binti yako alipofika. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza kwamba amiloidi beta hushikana na fibrinojeni, na donge la damu linalotokea huwa gumu kuyeyuka kuliko la kawaida. Waliyaona hayo katika mirija ya maabara na katika panya. Mwambie binti aandike neno hilo "panya" kwa herufi kubwa katika daftari lake, maana wengi hulisahau.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Mtu husoma habari hiyo, akasema: "Kama ni damu kuganda, basi tumpe nyanya aspirini kila siku." Hapana, mama. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa kwa binadamu. Nchini Uingereza, wagonjwa 310 wa Alzheimer waligawanywa, wengine wakapewa aspirini na wengine wasipewe. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2008. Aspirini haikuwasaidia, na waliovuja damu hadi wakalazwa hospitalini walikuwa 13 upande wa aspirini na 2 tu upande wa pili. Mwaka wa 2018 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa Australia na Marekani, wa wazee 19,114 waliokuwa na afya njema. Aspirini kidogo ya kila siku haikuwazuia kupata ugonjwa wa kusahau, na iliongeza uvujaji wa damu. Sababu moja ya kuogopa ni kwamba amiloidi huweza pia kujijenga katika kuta za mishipa ya ubongo, na mishipa hiyo ikawa rahisi kupasuka.

Kuna na upande wa pili. Ikiwa nyanya tayari anatumia aspirini au warfarini kwa amri ya daktari, labda kwa sababu ya moyo au kiharusi, usimwachishe kwa sababu ya mazungumzo haya. Na anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha sukuma wiki anachokula, kwani mboga hiyo ina vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Turudi kwa mradi. Swali kama "Je, damu kuganda husababisha Alzheimer?" ni kubwa mno kwa mwanafunzi. Hata maabara tajiri hazijalimaliza. Msaidie kulipunguza. Anaweza kuuliza: walezi wa kijiji chetu wanajua nini kuhusu kusahau kwa wazee, na je, hupima presha ya wazee wao? Hilo lina maana kubwa, kwa sababu presha ya juu huharibu mishipa ya ubongo, na viharusi vidogo vidogo navyo huleta ugonjwa wa kusahau.

Akitaka kufanya jaribio kwa mikono yake, asitumie damu. Asimchome nyanya, asichome wenzake shuleni, na asiende kichinjioni na chupa. Damu mbichi ya mnyama huweza kuwa na kimeta, bruselosi au homa ya Bonde la Ufa. Atumie maziwa. Kimeng'enya cha kutengenezea jibini hukata protini ya maziwa, kisha kwa msaada wa madini ya kalsiamu maziwa huganda. Damu nayo huhitaji kimeng'enya na kalsiamu ili igande. Si kitu kimoja, na ni lazima aandike hivyo, lakini atajifunza kupima muda kwa saa, kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kurudia jaribio mara kadhaa. Gharama yake ni ndogo.

Akitaka kuhoji watu, sharti apate ruhusa kabla hajaanza. Wa sekondari aanze na mwalimu wake. Wa chuo atahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Majina ya wagonjwa yasiandikwe kwenye ripoti. Na mzee aliyepoteza kumbukumbu? Jamaa wa karibu hutoa idhini kwa niaba yake, lakini yeye mwenyewe akigeuza uso au akinyanyuka aende zake, hiyo ni hapana. Aachwe.

Kuhusu nyanya wa nyumbani, huyo asisubiri mradi. Mpeleke hospitalini achunguzwe, kwa maana si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, maambukizi, na hata baadhi ya dawa anazotumia huweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi ya hayo yana tiba. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za dukani na za mitishamba, umwonyeshe daktari. Na siku utakapoona uso wake umepinda upande mmoja ghafla, mkono umelegea, au maneno yamekwama, usingoje kupambazuke. Tafuta gari papo hapo, na ukumbuke saa ilipoanza, kwani daktari atakuuliza.

Hadi wiki ijayo saa kama hii, kwaheri.