Kiapo na Kiti: Mwanamke Katika Baraza Wakati wa Vita



Sisi wanasheria tuna swali moja tulitangulizalo mbele ya mengine: huyu asemaye kwa niaba ya watu, amepewa idhini na nani? Leo twaliuliza juu ya vita vilivyopiganwa hapa petu, katika nchi ya Wagiriama, mwaka wa 1914.

Serikali ya Waingereza ilitaka kodi, na ilitaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Ofisa wake, Arthur Champion, aliwategemea wazee waliotambuliwa na serikali. Machoni pa mkoloni, hao ndio waliokuwa wawakilishi wa Wagiriama. Mwanamke hakuwamo.

Mwaka wa 1913 mama mjane, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akiwaamsha watu, hasa wanawake, kwa kuwa vijana waliotakiwa walikuwa wana wao. Umati ukakusanyika Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Basi ni nani aliyekuwa na idhini: wazee wa ofisa, au mama huyu?

Mkoloni mwenyewe alijibu kwa vitendo. Oktoba 1913 alimkamata Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, akawahamishia Kisii, upande wa pili wa nchi. Asiye na wafuasi hapelekwi mbali hivyo. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na vita vikaanza. Mekatilili akakamatwa tena. Nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki.

Mwaka wa 1919 wawili hao waliachiliwa. Waliporejea Kaya Fungo, Wanje aliongoza baraza la wanaume, na Mekatilili baraza la wanawake. Hapo ndipo penye fundisho letu. Aliyewasimamia watu wakati wa vita hakushukuriwa kwa vigelegele tu kisha akarudishwa jikoni. Alipewa kiti.

Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli kabla ya Baraka kwenda vitani, naye Baraka alikataa kwenda bila yeye.

Je, sisi tumekitunza kiti hicho? Mwaka wa 2008, nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi, kila upande katika mazungumzo ulikuwa na mwanamke mezani: Martha Karua kwa serikali, Sally Kosgei kwa ODM. Katiba ya 2010, kifungu cha 81, ikaamuru kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu ikatoa maoni kwamba sheria ya kutekeleza jambo hilo itungwe kufikia Agosti 2015. Muda ukapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotii. Halikuvunjwa, na Bunge lililochaguliwa mwaka wa 2022 nalo halikutimiza theluthi hiyo.

Wako wasemao kwamba mambo ya wanawake yangoje amani ipatikane kwanza. Twawajibu: amani inayopatanishwa na nusu ya watu huwafunga nusu tu. Mama aliyechomewa nyumba anajua gharama ya mapatano mabovu kuliko mjumbe aliyekuja na gari asubuhi akaondoka jioni.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Chama kitakapoleta orodha ya wagombea, hesabuni majina ya wanawake kabla ya kusikiliza hotuba. Na kamati ya usuluhishi itakapoundwa kijijini au parokiani, msikubali ikae kikao cha kwanza bila wanawake waliochaguliwa na wenzao. Kiti kikisubiri hadi mapatano yatiwe sahihi, kitakuwa kiti cha mtazamaji.