Njia ya Msituni Iliyoanzia Kamukunji

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni
Somo: 1 Wafalme 21:1-19, Luka 19:1-10

   

Asubuhi ya leo twataka kuwaza pamoja juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo, yaani njia za kutembea kwa miguu katika Msitu wa Karura.

Wengi wenu mwazijua njia hizo. Vikundi vya vijana na vya akina mama wa makanisa yetu hukodi basi siku ya likizo, wakaenda na vyakula vyao. Wengine hupanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine ya Barabara ya Kiambu au ya Limuru. Mtu akiisha kulipa ada langoni, ajiona yuko mahali pengine kabisa. Njia ni ya udongo mwekundu, nayo ina vibao vya kumwonyesha mgeni aende wapi. Huku kuna mizeituni ya porini na miti ya muhugu, huku kuna mikaratusi iliyopandwa na watu. Mbega huruka juu matawini. Njia moja hufika kwenye maporomoko ya maji, na karibu yake yako mapango ambayo wazee husema wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake. Mtoto aliyezoea kucheza ngazini, ghorofa ya tano, aweza kukimbia huko mpaka achoke, wala mama yake hapigi kelele kwa kuogopa magari.

Tusidhani kwamba kutembea hivyo ni uvivu. Luka atuambia katika sura ya 5 kwamba Bwana Yesu alikuwa na desturi ya kujitenga na makutano, akaenda mahali pasipo watu ili aombe. Ikiwa yeye alihitaji mahali pa utulivu, sisi tuishio watu sita katika chumba kimoja twapahitaji zaidi.

Lakini iko habari nyingine nyuma ya njia hizo, nayo ndiyo tuliyokusudia kuisema leo. Njia ile tunayoikanyaga kwa furaha, ilikuwa karibu kupotea. Watu walipigwa mpaka damu ikamwagika ili ibaki. Tena habari yenyewe haikuanzia Muthaiga. Ilianzia kwetu, Eastlands.

Tarehe 5 Juni 1977 wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya na wenzao waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta, katikati ya mji, mpaka uwanja wa Kamukunji. Aliyewaongoza katika kazi hiyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Wangari Maathai. Hapo Kamukunji walipanda miti 7, kila mti kwa ukumbusho wa Mkenya aliyewatumikia watu wake. Miongoni mwao Mekatilili wa Menza wa pwani, Nabongo Mumia wa magharibi, na Masaku wa Ukambani. Miti 7 tu, karibu na kelele za Gikomba! Aliyepita siku ile pengine alicheka. Lakini kutoka miti hiyo likatokea shirika la Green Belt, na wanawake wa vijijini wakapanda mamilioni ya miti katika nchi yetu.

Miaka ikapita. Msitu wa Karura, ambao ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, nao una zaidi ya hekta 1,000, ulianza kugawanywa kwa siri ili yajengwe majumba. Mwaka 1998 habari zikajulikana. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda huko pamoja na wabunge, waandishi wa habari na watu wengine, mkononi mche wa kupanda. Walinzi wenye silaha wakawashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandika malalamiko yake, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo Rais akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Kuanzia mwaka 2009 chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilishirikiana na wakuu wa misitu. Ua ukajengwa, vijana wa vijiji vya jirani wakawekwa kuwa walinzi, na mahali palipokuwa maficho ya wezi pakawa mahali pa watoto.

Sasa fungueni Biblia zenu, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka awe na bustani ya mboga. Aliahidi kulipa vizuri, lakini Nabothi akakataa, maana ule ulikuwa urithi wa baba zake. Hakuona kuwa ni mali yake peke yake ya kuuza apendavyo.

Twalaumu sana Yezebeli na Ahabu, na ni haki yetu kuwalaumu. Lakini tazameni ni nani waliotenda kazi yenyewe. Yezebeli aliandika barua tu. Waliozipokea ni wazee wa mji, majirani wa Nabothi. Wao ndio waliotangaza mfungo, kana kwamba ni siku ya ibada. Wao ndio waliowaketisha mashahidi wa uongo. Katika mji mzima hatusomi kwamba mzee mmoja alirudisha barua ile akasema, “Mimi siwezi kutia mkono wangu hapa.” Nabothi alikufa kwa sababu watu wa dini walinyamaza.

Ndugu zangu wazee wa kanisa, mashemasi, na ninyi viongozi wa akina mama, neno hili latuhusu sisi. Hapa katika mitaa yetu viko viwanja vya kuchezea watoto, viko vichochoro vya maji ya mvua, iko kingo ya mto, na miti michache iliyobaki kati ya nyumba. Hakuna mwenye hati ya kuvimiliki, kwa hiyo kila mtu hudhani havina mwenyewe. Kisha asubuhi moja twaona mabati yamezungushwa. Twapita tukiyatazama, twanong'onezana njiani, na jioni twakwenda kwenye maombi.

Liko jaribu kubwa kuliko hilo. Siku moja aweza kuja mtu mkubwa, mwenye tabasamu, aseme, “Kanisa lenu ni dogo. Pale uwanjani pana nafasi. Mimi nitawapatia karatasi.” Je, tutajibu nini? Tutasema kwamba Bwana amejibu maombi yetu? Madhabahu iliyojengwa juu ya uwanja wa watoto yatimu, je, sadaka yake yanuka vizuri mbele za Mungu? Heri tuendelee kuabudu chini ya turubai, mvua itunyeshee, kuliko kuingia katika shamba la Nabothi tukiimba.

Mtu aweza kusema, “Hayo ya Karura ni ya matajiri, sisi nauli hatuna.” Twakubali kwamba kwa mama mwenye watoto wanne, nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ada ya langoni, ni chakula cha siku nyingi. Hili makanisa yetu yaweza kulisaidia, kwa kuchanga ili hata mtoto wa mjane aione njia ile mara moja. Lakini kumbukeni pia kwamba mito ipitayo katika msitu huo haikai huko. Huteremka kuelekea mashariki, maji yake yakaingia Mto Nairobi upande wetu, yakaenda Athi, mpaka yakafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Walioulinda msitu ule waliyalinda maji ya watu wasiowajua. Nasi tutupao takataka mtoni hapa, twawatupia watu tusiowajua.

Pengine yuko msikilizaji mmoja ambaye neno hili lamchoma, kwa kuwa alikwisha kutia sahihi, au alikwisha kupokea bahasha, au nyumba yake imesimama mahali pasipo pake. Kwako wewe twaleta habari ya mtu wa Yeriko, mji ambao mtaa wetu mmoja waitwa kwa jina lake. Zakayo alipanda mkuyu ili amwone Yesu. Bwana hakumwacha juu ya mti wala hakumtukana mbele ya watu. Aliingia nyumbani mwake akala naye. Na Zakayo, kabla hajaagizwa kitu, alisimama akaahidi kurudisha mara nne vyote alivyovipata kwa hila. Wokovu uliingia nyumba ile, na mali za watu zikatoka. Hivyo viwili vilikwenda pamoja, wala haviwezi kutengwa hata leo.

Basi juma hili twawaomba mfanye jambo moja. Tembeeni kwa miguu katika mtaa wenu, ninyi na watoto wenu. Hesabuni miti iliyosimama, na viwanja vilivyo wazi bado. Waulizeni wazee vilikuwa vingapi walipohamia. Kisha mliweke jambo hilo mbele ya baraza la kanisa, mkapande mche mmoja mahali ambapo mtakubali kuumwagilia maji. Miti 7 ya Kamukunji haikuwa mingi.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, nchi ni yako, nasi ni wageni na wapangaji wako. Twakushukuru kwa waliosimama ili sisi tupate mahali pa kupita. Utusamehe kunyamaza kwetu. Uwatie nguvu wazee wetu siku barua ya Yezebeli itakapoletwa mlangoni kwao. Uwape watoto wa Eastlands mahali pa kukimbia, na kivuli cha kupumzikia. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Kwaherini mpaka siku nyingine Mungu akipenda.