Daftari la Nyumbani na Kumbukumbu za Mzee



Siku ya malipo ya Inua Jamii hufichua jambo ambalo siku nyingine halionekani. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Siku ikifika, kitambulisho hakijulikani kiliko, laini ya simu anayo mjukuu, na nambari ya siri imesahaulika. Pesa zipo, lakini mzee analala njaa.

Kusahau ulikoweka miwani ni kawaida ya uzee. Kupotea njia ukitoka soko la Burma kurudi nyumba uliyoishi miaka 40 si kawaida. Kuuliza swali lile lile mara tano asubuhi moja pia si kawaida. Jirani mmoja atasema mzee amerogwa, mwingine atasema ni uzee tu. Wote wawili wanamchelewesha kufika kituo cha afya. Wakati mwingine chanzo kinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo, huzuni nzito, au dawa zinazogongana.

Kwa hiyo nunueni daftari moja la jalada gumu, kama lile ambalo mwenye duka huandikia madeni. Ukurasa wa kwanza uwe na jina, mwaka wa kuzaliwa na simu za watu wawili wa karibu, kwa herufi kubwa. Unaofuata ni wa dawa: jina, kiasi, saa, na inatibu nini. Kisha vipimo vya presha na sukari, kila kimoja na tarehe yake. Mwisho, mahali stakabadhi zilipo. Mpangaji wa nyumba ya kaunti aandike nambari ya nyumba na zilipo risiti za kodi, maana mara nyingi anayejua hayo ni mtu mmoja tu nyumbani, na ndiye anayeanza kusahau.

Nambari ya siri ya simu au benki isiandikwe humo kamwe. Daftari hukaa mezani, na si kila mgeni ni mwema.

Daftari, miwani na dawa viwe na mahali pamoja, na pasihamishwe hata wakati wa usafi. Kalenda ya ukutani ikatwe siku kila asubuhi. Nanyi vijana, msimnyang'anye mzee kalamu. Aandike mwenyewe maadamu mkono unaweza, hata kama mwandiko unapinda.

Daftari haliponyi ubongo. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walihesabu mambo 14, na kusema kwamba yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau duniani vingezuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, upweke na masikio yasiyosikia vizuri. Mzee anayecheza drafti na wenzake kila jioni anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhaniwa.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Akibisha hodi, mpeni daftari aandike. Na anayekwenda kliniki, iwe zahanati ya mtaa au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, alibebe pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji.