Mguu wa mpiga gitaa, mkono wa fundi



Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani, na nakiri kwamba kwaya ilipokuwa ikiimba macho yangu hayakuwa kwa waimbaji. Yalikuwa sakafuni, miguuni pa kijana anayepiga gitaa la solo. Mbele ya viatu vyake palikuwa na ubao mweusi, ukubwa wa sinia ya pilau, na juu yake vimepangwa visanduku saba vya chuma, kila kimoja na rangi yake. Akikanyaga cha njano, gitaa linakoroma. Akikanyaga cha buluu, linajibu kwa mwangwi kama mtu aliyepiga ukelele bondeni. Tulipotoka, bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Mwanangu, yule kijana anapiga gitaa kwa mikono au kwa miguu?"

Nikamjibu, "Kwa vyote viwili, bibi."

Akacheka, akaenda zake. Lakini mimi swali lake nililibeba hadi nyumbani, kwa sababu kuna mkono wa tatu ambao sikumtajia. Leo nataka tuuzungumzie mkono huo wa tatu.

Sisi watu wa redio tulifundishwa kwamba sauti inayokwaruza ni dhambi. Pale studio kuna kipimo chenye sindano, na sindano ikiingia kwenye wekundu, fundi mitambo anakutazama kwa jicho ambalo hulisahau. Sababu yake ni rahisi. Sauti ikizidi uwezo wa chombo kinachoipitisha, vilele vya mawimbi yake hukatwa, kama mtu mrefu anayelazimishwa kupita mlango mfupi. Kinachotoka upande wa pili ni sauti nene, yenye meno. Kwa mtangazaji ni aibu. Kwa mpiga gitaa wa leo, ni kitu cha kununuliwa dukani kwa fedha nyingi. Ilikuwaje aibu ikawa bidhaa?

Turudi nyuma. Gitaa la umeme lilipoenea Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, lilikuwa na kazi moja tu: kusikika. Gitaa la kawaida lilimezwa na ngoma na tarumbeta, basi wakaliwekea kinasa sauti na amplifaya. Lakini sauti ikishageuka kuwa umeme, fundi anaweza kuichezea njiani kabla haijafika kwenye spika. Miongoni mwa visanduku vya kwanza kuuzwa kwa kazi hiyo, katika miaka ya 1940, kilikuwa cha DeArmond, kutoka mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Ndani yake mlikuwa na mota iliyotikisa kichupa chenye majimaji yanayopitisha umeme. Majimaji yakiyumba, sauti nayo inayumba, inapanda na kushuka. Ndiyo, wasikilizaji, maji yaliyotikiswa ndani ya chupa!

Ukaja mwangwi. Katika mji uitwao Cairo, si ule wa Misri bali wa jimbo la Illinois, alikuwako fundi mwenye duka la vyombo vya muziki, Ray Butts. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alitengeneza amplifaya yenye utepe wa kunasia sauti ndani yake. Utepe unapita kwenye kichwa kinachonasa, kisha unafika kwenye kichwa kinachosoma, na kwa kuwa kuna nafasi kati ya vichwa hivyo viwili, sauti inarudi imechelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko mwangwi. Scotty Moore, aliyempigia gitaa Elvis Presley, alianza kuitumia amplifaya hiyo mwaka 1955. London nako, mwaka 1958, Charlie Watkins akatoa kisanduku chake cha mwangwi wa utepe, Copicat. Shikeni habari ya mwangwi huu wa utepe, nitaurudia kabla sijaaga.

Sasa tuje kwenye ule mkwaruzo. Mwaka 1951, bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao "Rocket 88". Husimuliwa kwamba amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, iliharibika safarini. Spika yake ikachomekewa karatasi, wakarekodi hivyo hivyo, na gitaa likatoka linanguruma. Watu wakaipenda santuri ile. Lakini amplifaya mbovu si kitu unachoweza kumuuzia mtu wa pili.

Kisa kikubwa kilitokea Nashville, mwishoni mwa mwaka 1960. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa studio akirekodi wimbo "Don't Worry", wimbo wa taratibu wa mapenzi. Katikati ya wimbo, Grady Martin akapiga besi yake ya nyuzi sita, na pale pale transfoma moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti ikaugua. Badala ya sauti laini ikatoka sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Walijadiliana. Wangeweza kurudia. Waliamua kuiacha, na mwaka 1961 wimbo ule ukashika nafasi ya kwanza katika muziki wa kantri.

Fundi aliyekuwa mezani siku ile aliitwa Glenn Snoddy, mtu aliyewahi kufanya kazi ya redio kama sisi. Wanamuziki wengine wakaanza kumjia wakiomba sauti ile ile. Snoddy akawapitisha kwenye njia ile ile mbovu, mpaka transfoma ikafa kabisa. Hapa ndipo fundi anapotofautiana na mbadilisha vipuri. Mbadilisha vipuri angeweka transfoma mpya, akafuta jasho, akaenda kula. Snoddy alijiuliza: ule ubovu ulikuwa unafanya nini hasa? Yeye na fundi mwenzake, Revis Hobbs, wakaketi wakaunda saketi ya transista inayofanya kwa makusudi kile ambacho transfoma ilikifanya kwa ugonjwa. Snoddy akaipeleka Chicago, kwa kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, na mwaka 1962 kisanduku kikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Swichi yake ilikuwa juu, ya kukanyagwa, kwa maana mikono ya mpiga gitaa ina kazi tayari.

Matangazo yake yaliahidi kwamba gitaa litaweza kutoa sauti kama ya tarumbeta au selo. Watu hawakushawishika, na visanduku vikakaa madukani. Mpaka Mei 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia Hollywood katika wimbo "Satisfaction". Yeye mwenyewe hakukusudia gitaa lile libaki. Alikuwa ameliweka kama alama, ili baadaye nafasi ile ijazwe na tarumbeta. Wenzake wakaona litoke hivyo hivyo. Wimbo ukazunguka dunia, na visanduku vilivyokuwa vikilala madukani vikagombaniwa. Mwaka huo huo Snoddy na Hobbs walipewa hataza ya kazi yao.

Kisa cha pedeli ya wa-wa hakipo mbali na hicho. Mwaka 1966, kampuni ya Thomas Organ ya California ilitaka kupunguza gharama ya swichi moja katika amplifaya zake. Injinia kijana, Brad Plunkett, akaweka mahali pake kidude cha kuzungusha cha bei nafuu. Alipokizungusha huku sauti ikipita, gitaa likaanza kusema, likafungua mdomo na kufumba. Wakakitia kidude ndani ya pedeli ya kinanda ili kiendeshwe kwa mguu. Mkuu wa kampuni aliona ni kitu cha wapiga tarumbeta, na pedeli ikapewa jina la mpiga tarumbeta Clyde McCoy, aliyesifika kwa kuliliza tarumbeta lake kwa kizibo. Del Casher, mpiga gitaa aliyekuwa akifanya kazi nao, alishikilia kwamba mahali pake ni kwenye gitaa. Leo sote tunajua nani alikuwa sahihi.

Kufikia Agosti 1969, Jimi Hendrix alipopanda jukwaani Woodstock, miguuni pake palikuwa na pedeli ya wa-wa, kisanduku cha duara cha mkwaruzo kilichotengenezwa London, na kingine cha kuzungusha sauti kilichotoka Japani. Na Roger Mayer, aliyemtengenezea Hendrix kisanduku cha kupandisha sauti, alikuwa ametokea kwenye utafiti wa sauti na mitikisiko wa jeshi la majini la Uingereza. Mwanamuziki alikuwa mmoja, lakini nyuma yake palikuwa na kikosi cha mafundi.

Hapo likazuka tatizo jipya. Kila kisanduku kilikuwa na betri yake na waya wake. Betri moja ikifa, bendi nzima inanyamaza kungoja. Waya mmoja ukikatika, unautafuta gizani kwa kupapasa, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Sauti ikipita kwenye nyaya ndefu inapoteza ukali wake, inafika kwenye spika imechoka. Tena visanduku vya mkwaruzo vina tabia ya kunasa mawimbi ya redio: mpiga solo ananyamaza ili mwimbaji aanze, na kutoka kwenye spika anasikika mtangazaji akisoma taarifa ya habari.

Aliyelichukua tatizo hili kama kazi ya maisha ni fundi wa Uingereza, Pete Cornish, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970. Alizifungua pedeli za wateja wake, akazitoa kwenye maganda yao, akazipanga ndani ya sanduku moja lenye umeme wake na safu moja ya swichi. Katikati akaweka saketi ndogo za kuisukuma sauti isidhoofike njiani. Mwaka 1976 alimjengea ubao wa namna hiyo David Gilmour wa Pink Floyd.

Na ubao haukuleta unadhifu tu, ulileta utaratibu. Visanduku vile vile vikipangwa vingine mbele na vingine nyuma hutoa sauti mbili tofauti kabisa. Ukitanguliza mwangwi kisha mkwaruzo, kila mwangwi unakwaruzwa, na yote yanakuwa uji. Ukitanguliza mkwaruzo, ukamalizia na mwangwi, kila noti inasikika. Ni kama upishi: hakuna anayemimina tui kwanza halafu akakumbuka kukaanga kitunguu.

Kilichobaki ni bei. Ubao wa Cornish ulikuwa wa matajiri. Mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ilianza kutoa pedeli ndogo, imara, zote za umbo na ukubwa mmoja, na katika miaka ya 1980 ikauza sanduku la kubebea la kupanga pedeli sita. Tangu hapo kijana wa kawaida akaweza kujipangia ubao wake. Ule wa kanisani kwetu ni mjukuu wa yote haya.

Sasa narudi kwenye mwangwi, kama nilivyoahidi, na hapa ni habari inayonihusu mimi.

Nilipoanza kazi, kituo nilichofanyia kilikuwa bado kinatumia mashine za utepe. Alikuwako fundi mmoja mzee ambaye tulimwita Mzee tu. Kwa ajili ya michezo ya redio alikuwa ameichukua mashine moja mbovu, akaibadilisha iwe ya kutoa mwangwi, na chini ya meza akaweka swichi ya kukanyaga ili mikono yake ibaki huru. Mzimu ukitakiwa kusema, Mzee anakanyaga. Kisima, pango, ndoto, vyote vilitoka chini ya kiatu chake. Wala hakuwa amesoma habari za Ray Butts popote. Tatizo lilikuwa lile lile, akafika kwenye jibu lile lile.

Zikaja kompyuta. Mzee akastaafu, tukamfanyia chai na keki. Baada ya muda iliundwa kamati ndogo ya kuondoa vitu chakavu, nami nikawa mjumbe. Katika orodha ile mashine ya Mzee iliandikwa "mashine mbovu, moja". Ikauzwa kwa kilo. Saini yangu imo.

Sisemi kompyuta haina mwangwi. Inao, tena wa aina mia. Lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza Mzee alifanyaje, hakuna aliyechora saketi yake, na hata jina lake halimo katika mchezo wowote kati ya ile aliyoipa uhai. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa, na wala si kwa hasira. Niliutupa kwa kutojali, jambo ambalo naliona baya zaidi.

Wala nisieleweke kwamba kila kilichoharibika ni hazina. Transfoma nyingi zinazokufa zimekufa tu, na mtangazaji anayekwaruza masikio ya watu anastahili lile jicho la fundi. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya takataka na ugunduzi ilikuwa mtu mmoja mwenye ujuzi, aliyepewa nafasi ya kusikiliza kabla ya kutupa. Snoddy alipewa nafasi hiyo, na jina lake likaandikwa kwenye hataza. Chanda chema huvikwa pete. Sisi tuna vyanda vyema vingapi, katika karakana, katika studio, katika bendi zetu, vinavyostaafu bila pete wala kumbukumbu?

Kwa hiyo, wewe mkuu wa kituo, kabla kamati ya vitu chakavu haijakaa, mwite fundi wako mkongwe, umpe kiti, umwachie aeleze, na mtu aandike. Na wewe kijana wa ubao mweusi, ukikanyaga kile cha njano Jumapili ijayo, ujue unakanyaga kazi ya mtu.

Bibi yangu wa kanisani, kama unanisikiliza, nilikujibu nusu. Gitaa lile linapigwa kwa mikono, na kwa miguu, na kwa mkono wa fundi ambaye hatukumwona.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni usikivu mwema.