SERIKALI, MISHENI NA DUKA LA DAWA
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyamache)



Nimeagizwa nieleze katika utunzaji wa afya lipi ni la Serikali na lipi ni la watu binafsi. Mwaka 2017 wauguzi wa Serikali nchini waligoma tangu Juni hata Novemba. Wenye fedha waliwapeleka wagonjwa wao katika hospitali za misheni, kama ile ya Tabaka. Wasio nazo walikaa nyumbani.

Wapo wasemao kwamba kazi yote waachiwe watu binafsi, kwa kuwa kwao mgonjwa hupokelewa kwa heshima. Sikubaliani nao. Heshima ni njema, lakini mgonjwa hawezi kuipima dawa kwa macho. Jamaa yangu mmoja, mtu mzima aliyeshikwa na malaria, aliuziwa vidonge 8 dukani, kwa kuwa fedha zake ziliishia hapo. Dozi kamili ya dawa ile ni vidonge 24 kwa siku 3. Waliagana kwa kushukuriana. Siku ya tano tulimbeba kwa machela. Dukani mle hamkuwa na cheti ukutani, wala sisi hatukuwahi kukiulizia.

Basi kazi ya Serikali si kutibu tu, kama Katiba ya 2010 inavyotuahidi katika kifungu cha 43, bali pia kuwakagua wote watibuo, yenyewe ikiwamo. Tangu 2013 hospitali zetu ni za Kaunti, lakini leseni za maduka ya dawa zatolewa na bodi iliyoko Nairobi. Mkaguzi yu mbali, duka li karibu.

Tena mkaguzi asiyelipa madeni hana uso wa kukaripia. Nafasi ya bima ya afya ya mwaka 1966 ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Februari 2025 hospitali nyingi za binafsi zikasimamisha huduma kwa wenye bima, zikidai malipo yao.

Chama chetu hakina mamlaka ya kumkagua mtu. Naomba lakini mkutano huu uteue wazee wawili, waende kwa ofisa wa afya kuomba orodha ya maduka yenye leseni, ibandikwe sokoni na makanisani. Nauli ya safari ya kwanza nitaitoa mimi.