Kidole Tumbo Kisitupwe: Mhadhara wa Umma, Mkange



Nimeombwa nizungumzie saratani ya kidole tumbo iliyokwisha kusambaa. Ni saratani adimu. Kwenye nchi zenye daftari kamili za saratani, hupatikana wagonjwa wapya kama 1 au 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na ile aina inayojaza tumbo ute mzito ni adimu zaidi, mtu 1 hadi 3 kwa kila milioni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini niilete Mkange, ambako zahanati imejaa malaria na kina mama wajawazito. Nimeileta kwa sababu mgonjwa wake anaweza kuishi miaka mingi akitambuliwa, na kutambuliwa kwake hakuanzii kwenye mashine ya Dar es Salaam wala ya India. Kunaanzia chumba cha upasuaji cha wilaya, kwenye chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kipande kilichotolewa.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba chenye mdomo mmoja, mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Uvimbe ukiota ndani yake unaweza kutoa ute. Ute unajaa, kidole kinavimba, kinapasuka, na mwenyewe huenda asisikie lolote kubwa. Seli zinazotoka na ule ute kwa kawaida hazikimbilii kwenye damu kama za saratani nyingine nyingi. Zinaelea tumboni. Tope la mto Wami hutua pale maji yanapotulia, na seli hizi ni vivyo hivyo: hutua chini nyongani, kwenye vifuko vya mayai vya mwanamke, juu ya ini, na kwenye kile kitambaa cha mafuta kinachofunika matumbo. Utumbo mwembamba, kwa kuwa hautulii, mara nyingi husalimika kwa muda mrefu. Hapo ndipo mpasuaji anapopata nafasi. Mtu anaweza kuishi bila kitambaa cha mafuta au bila bandama. Bila utumbo mwembamba, hawezi.

Sasa tuje kwetu. Pwani hii uvimbe una majina yake tayari: busha, ngiri, kichocho, ini, kifua kikuu cha tumbo, na hayo yakiisha, mtu huambiwa ametupiwa kitu. Mengi ya majina hayo ni ya kweli kwa wagonjwa wengi, na kwa sababu hiyohiyo mgonjwa adimu hupotea ndani yake. Mwanamume anapata ngiri ukubwani, inashonwa, na ule ute uliokutwa ndani hakuna anayeuuliza. Mwanamke anavimba tumbo, anatolewa uvimbe wa kifuko cha mayai, kidole tumbo kilichouzaa hakitazamwi. Mwingine anachomwa sindano ya kutoa maji tumboni na sindano inaziba kwa ute. Daktari kijana, ukiona sindano imeziba, usiandike "maji tumboni" ukafunga faili.

Hata wenye uwezo huchelewa kutambuliwa. Mwigizaji Audrey Hepburn alikuwa Somalia Septemba 1992 kwa kazi ya UNICEF, akiwatembelea watoto wenye njaa. Aliporudi, tumbo lilimsumbua. Novemba alipasuliwa Los Angeles, ikakutwa saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kusambaa. Tarehe 20 Januari 1993 akafariki Uswisi, ana miaka 63. Fedha na hospitali nzuri alikuwa navyo. Ugonjwa ulikuwa umemtangulia.

Wakati huo tiba ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa. Mwaka 1980 madaktari wa Louisville, Marekani, walieleza habari za mgonjwa mwenye ute tumboni waliyemzungushia dawa ya saratani yenye joto ndani ya tumbo. Mpasuaji Paul Sugarbaker wa Washington akaja kuuwekea upasuaji wenyewe utaratibu. Tumbo hugawanywa sehemu 13, kila moja ikapewa alama 0 hadi 3, ili ijulikane ugonjwa umeenea kiasi gani. Kisha utando wa tumbo huambuliwa palipoota, pamoja na viungo vilivyoshikwa. Kazi hii huweza kuchukua saa 10. Ndipo dawa huzungushwa kwa nyuzi 41 hadi 43 za joto, kwa saa moja au moja na nusu. Dawa hiyo hupenya milimita chache tu, kwa hiyo isitarajiwe kumaliza kazi ambayo kisu kimeiacha. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2021, juu ya saratani ya utumbo mpana, haukuona waliopewa dawa ya moto wakiishi zaidi ya waliopasuliwa tu. Kidole tumbo ni ugonjwa mwingine, lakini nami naamini uzito uko kwenye kisu.

Mwaka 2012 vituo 16 vya nchi mbalimbali vilichapisha taarifa za wagonjwa 2,298 wa ute wa kidole tumbo waliotibiwa hivyo. Asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka 10. Asilimia 2 walikufa kwa sababu ya matibabu yenyewe, na karibu robo walipata madhara makubwa. Si tiba nyepesi. Aina kali za saratani hii huhitaji pia dawa za mshipani. Zile za polepole hazizijali sana dawa hizo.

Kwa wapasuaji wa wilaya nina ombi moja kubwa kuliko yote. Ukifungua tumbo ukakuta ute, usianze kukwangua. Chukua sampuli, toa kidole tumbo ikiwa ni rahisi, funga, mpe mgonjwa rufaa. Upasuaji mkubwa wa kwanza usiokamilika huacha makovu, seli hujificha ndani yake, na atakayefuata hukuta kazi imeharibika.

Wapo wanaosema maradhi ya kidole tumbo si ya vijijini kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliandika mwaka 1971 kwamba yalikuwa machache Afrika kwa sababu ya vyakula vyetu vyenye makapi. Alijua hivyo kwa kuziuliza hospitali ndogo, nazo zikamjibu kutoka kwenye daftari zao. Leo chakula kimebadilika, na kidole tumbo kinachotolewa na kutupwa bila kupimwa hakiwezi kuandikwa kwenye daftari lolote.

Naiomba Halmashauri ya Chalinze mambo haya: chupa na fomalini visikose kwenye chumba cha upasuaji, sampuli isafirishwe hadi maabara ya patholojia kwa gharama ya hospitali badala ya kukabidhiwa ndugu wa mgonjwa kwenye mfuko, na jibu lirudi kwa simu kwa daktari aliyepasua. Nanyi wananchi, siku ya kuruhusiwa, kabla hamjapanda gari la kurudi Mkange, muulizeni daktari: "Kilichotolewa kimepelekwa wapi, na majibu nifuate lini?"