Tiba ya Uraibu Mkoani Katavi: Tuanze na Gongo na Bangi



Nimeombwa kuzungumzia matibabu ya waraibu na namna ya kuwarejesha katika maisha yao. Habari hii ikitajwa nchini kwetu, mawazo hukimbilia Dar es Salaam, kwenye heroini na methadoni. Kuna sababu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikafika Dodoma na Mbeya. Watu waliokuwa wakijidunga unga wakapata nafasi ya kuamka asubuhi bila arosto, wakarudi kwenye kazi na kwa watoto wao. Naiheshimu sana kazi hiyo.

Lakini methadoni huanza kwa kunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka hapa Mpanda hadi Mbeya, kwa kupita Sumbawanga na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 500. Tena dawa hiyo hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake tu. Mnywaji wa gongo haimsaidii, na mvuta bangi haimsaidii. Watu hao wawili ndio wanaoletwa na mama zao na wake zao kutoka Makanyagio, Kawajense, Nsimbo na machimboni. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tiba ya uraibu katika mkoa wetu ianze na watu hao, katika zahanati na vituo tulivyo navyo, bila kusubiri jengo jipya.

Siku za mwanzo

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapotufia bila kujua kimewaua nini.

Mtu aliyezoea heroini akiikosa hupata arosto: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Ni mateso makubwa, ila kwa mtu mwenye afya ya wastani, anayepewa maji na uangalizi, ni nadra kumuua. Pombe haiko hivyo. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata katika saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, hawajui walipo, homa inapanda. Asipotibiwa, anaweza kufa.

Sasa tazameni tunavyowaachisha pombe ndugu zetu. Tunamfungia chumbani. Tunampeleka kwa mjomba kijijini ambako hakuna kilabu. Tunampeleka kwenye maombi ya kufunga siku tatu. Au amekamatwa kwa kosa la ugomvi, yuko mahabusu. Siku ya tatu anaanza kuweweseka, na watu wanasema mapepo yamechachamaa au amerogwa. Anamwagiwa maji ya baridi, anafungwa kamba. Kumbe ubongo wake, uliozoea kutulizwa na pombe kwa miaka, umeachwa ghafla bila kitulizo.

Tiba yake si ya ajabu. Ni diazepamu kwa dozi inayopungua siku hadi siku chini ya uangalizi, vitamini B1, maji na chakula. Vitamini hiyo itangulie kabla ya kumtundikia dripu ya glukosi, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa na upungufu wake, na sukari peke yake inaweza kuuharibu ubongo zaidi. Aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha zamani asijaribu tena nyumbani, alazwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa wa afya ya akili, uliotolewa mwaka 2010, umeyaeleza haya kwa hatua ambazo tabibu wa kituo cha afya anaziweza.

Mchungaji, shekhe na mkuu wa kituo cha polisi hawahitaji kujua dozi. Wanahitaji kuuliza mambo mawili mtu anapofikishwa mbele yao: alikunywa mara ya mwisho lini, na huwa anakunywa kila siku? Akiwa ni wa kila siku, aonwe na mhudumu wa afya leo, na maombi yaendelee akiwa wodini.

Nina ombi pia kuhusu misako ya gongo. Gongo ni haramu kisheria na sitetei upikaji wake. Lakini mapipa yakimwagwa leo katika kijiji kizima, wanywaji wote wa kila siku wa kijiji hicho wanaachishwa usiku mmoja. Zahanati ya jirani ijulishwe. Na mama anayepika, ambaye mara nyingi hupata humo ada ya shule ya wanawe, naye apimwe. Wapikaji wengi huonja kila siku mpaka wanakuwa wagonjwa wenyewe.

Kijana wa bangi

Bangi ndiyo dawa ya kulevya inayotumika zaidi nchini. Haina kidonge cha kuiachisha. Anayeacha atakuwa na hasira, atakosa usingizi na hamu ya kula, hasa wiki ya kwanza, kisha hali hutulia taratibu. Familia ikijua hivyo mapema haitamfukuza siku ya nne kwa kudhani ameshindikana. Kinachomsaidia ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtu mmoja anayemwamini, na kubadilisha kijiwe. Akianza kusikia sauti au kuamini anafuatiliwa, huo ni ugonjwa wa akili unaohitaji dawa, na kila mwezi anaokaa kwa mganga wa kienyeji akiwa na pingu miguuni ni mwezi wa tiba uliopotea.

Baada ya kutoka

Wanaotaka kumpeleka ndugu yao kwenye nyumba ya upataji nafuu, soba hausi kama tulivyozoea kuita, huuza ng'ombe au shamba. Nyumba hizo zimeokoa watu wengi tangu zilipoanza Zanzibar, na wanaoziendesha mara nyingi ni watu waliopona wenyewe. Ila kabla ya kulipa, uliza: daktari gani anawaona? Mgonjwa anaruhusiwa kuonana na ndugu zake? Anapigwa? Jibu la swali la mwisho likisitasita, rudi na ng'ombe wako.

Kisha anarudi Mpanda, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Mchimbaji aliyeacha gongo akirudi kwenye duara lile lile la kuchimbia, siku ya kugawana fedha ya dhahabu atazungukwa na wenzake wale wale. Mkulima wa mpunga atakuwa salama kipindi cha palizi, kisha mavuno yanauzwa na vilabu vinajaa. Kwa hiyo tusimfuatilie kwa kalenda ya ofisi. Tumfuatilie kwa kalenda ya fedha inapoingia mkononi. Wiki ya malipo ya tumbaku, mtu amtembelee. Akirudia kunywa tumpokee kama tunavyompokea mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeacha vidonge: tunaanza tena. Na aliyekuwa akitumia heroini aambiwe wazi kwamba mwili wake umeshasahau dozi ya zamani. Akirudia kipimo kile, kinaweza kumuua.

Mwenyekiti, naomba majadiliano yaanze na mambo mawili. Kwanza, kila kituo cha afya kiseme leo kama kina diazepamu na vitamini B1, na nani ana ujuzi wa kuzitumia kwa kazi hii. Pili, kila kata itaje ni nani atakayeshika daftari la wanaorudi, iwe ni mhudumu wa afya ya jamii, ofisa ustawi au mtu aliyekwisha kupona, na nauli yake ya kufika Mishamo au machimboni itatoka kasma ipi.